Umenishinda, chukua mji

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Pangani. Sisi wazima. Bibi yako mguu unamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa, na hilo utaliona.

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nilimwekea barazani akiwa anasuka ukili. Umesema huko Banjarmasin vitendawili wanaviita cucupatian, kutokana na capat, yaani haraka, maana watu hushindana nani awahi kujibu. Kisha ukatutegea hicho kinachotegwa Indonesia kote: mdogo kavaa nguo, mkubwa yu uchi. Bibi akaweka ukili chini. "Huyo mkubwa hana wazee wa kumkanya?" Mimi nikasema muhindi, halafu nikakumbuka muhindi haujivui wenyewe, twaumenya sisi. Bibi akajibu nyoka. Nyoka naye akijivua gamba, ana jingine chini yake.

Aliyetuokoa ni jirani yetu wa Iringa, kaja kuomba chumvi. "Mwanzi," akasema, hata hajakaa. Kwao mvua zikianza hukata ncha ya chipukizi la mwanzi wakinge ulanzi, pombe yao, kwa hiyo anajua lilivyovikwa maganda, na maganda hayo yanavyopukutika mwanzi unaporefuka. (Habari za ulanzi nilimnong'oneza bibi kwamba ni dawa.) Huko kwa Wabanjar, wenyeji wako, chipukizi la mwanzi ni mboga, wamelishika jikoni tangu utotoni. Sisi mwanzi twaukuta umeshakua, umeegemezwa mwembeni. Tungeyajuaje mavazi yake?

Ndiyo maana sikuandikii vile vitendawili hamsini ulivyotaka uwategee wenzio. Chukua viwili. "Nyumba yangu haina mlango" watakijibu kabla hujafunga kinywa, mayai yako kila mahali. "Kuku wangu katagia mibani" kitawachukua muda kidogo, lakini nanasi wanalo, na miiba yake wanaijua. Kitakachowashangaza ni pale utakapowaambia "nipeni mji". Jina la mchezo wao linasifu wepesi. Kwetu aliyeshindwa hutoa mji mzima, na mtegaji huondoka kwenda kuutembelea kwa maneno, akala, akanywa, akapokewa kwa ngoma, ndipo atoe jibu. Mimi utotoni nilikuwa nashindwa makusudi, nisikie shangazi akitembea Unguja.

Jambo moja limenikosesha usingizi. Nimesoma kwamba utafiti wa vinasaba wa mwaka 2016 uliwakuta Wabanjar ndio watu wa Asia walio karibu zaidi na upande wa Kiasia wa watu wa Madagaska. Upande mwingine wa Wamalagasi ni Wabantu, sisi hawa. Lugha ya Kimalagasi nayo ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan, cha bonde la mto Barito kisiwani Borneo, mto huo unaopita kando ya mji wako. Sasa kila nikiona ngalawa na mbawa zake mbili hapa mlangoni mwa mto nauliza: waliovuka bahari ile yote, usiku walipokosa upepo, walikuwa wanategeana nini?

Picha za soko la majini la Lok Baintan nimezitazama mpaka simu ikazima. Akina mama alfajiri ndani ya jukung, mitumbwi yao, machungwa mbele, kasia mkononi, na ile kofia pana ya majani ya mnipa, mti wa jamii ya minazi, unayosema inaitwa tanggui. Bibi akasema ni ungo uliopinduliwa. Nikamwambia hapo ushatunga nusu, tumalizie. Basi tumetunga viwili, vyako na wenyeji wako. Cha bibi: "Mama kavaa paa, nyumba kaikalia, nyumba yatembea." Hicho ushakijua, nimekuonyesha njia.

Changu kigumu zaidi: "Wageni wakija twapanda, wakiondoka twashuka, na kitandani hatujatoka." Wategee hao wanaokaa kwenye nyumba zile za magogo, lanting, zinazoelea ukingoni. Nadhani watacheka kabla yako.

Deni langu la mwanzi nalilipa. Nakupa Tanga. Nenda, ufikie kwa shangazi yako Chumbageni, umpelekee salamu zangu, na ule samaki wa kupaka mpaka ukinai. Lakini changu kikikushinda wewe, sitaki Martapura wala kijiji cha pembeni. Nataka Banjarmasin yenyewe, na mito yake yote.

Mama yako