Kitanda cha Neema

Mwanangu Mama Neema,

Umeniuliza kwenye simu kwa nini Neema, na pumu yake, analala mzima, ikifika saa tisa usiku anakohoa na kifua kinapiga filimbi, na nyumba unaipiga deki kila siku. Sakafu ni safi, sina shaka. Angalia kitanda.

Godoroni na mitoni mna utitiri wa vumbi, wadogo kuliko nusu milimita. Wanakula magamba ya ngozi yetu, na maji wanayavuta hewani, kwa hiyo unyevu wa Dar unawastawisha, masika ndiyo usiseme. Hawaumi. Balaa ni kinyesi chao. Mwili wa Neema umekichukulia kuwa adui, ukatengeneza kingamwili, askari wa mwili, za aina iitwayo IgE, zinazokaa kwenye seli za njia ya hewa zikingoja. Akikivuta tena, seli hizo zinamwaga kemikali ya histamini, mirija ya hewa inabana ndani ya dakika chache. Saa kadhaa baadaye huja seli nyingine, eosinofili, na uvimbe ndani ya mirija. Uvimbe huo unabaki hata siku asizokohoa, ndiyo sababu pampu ya kinga, ile ya steroidi inayotuliza uvimbe, haikatishwi eti amepata nafuu. Salbutamoli, pampu ya nafuu ya haraka, inafungua mirija tu.

Mto wa sufi mwondolee. Godoro livishe mfuko wa zipu usiopitisha vumbi. Shuka na foronya zifue kila wiki: nusu ndoo maji yaliyochemka, nusu ya bombani, utapata kama nyuzi 60, loweka nusu saa, Neema akae mbali. Maji baridi yanatoa kinyesi, utitiri wengi wanabaki hai. Chandarua chenye dawa usikitie humo, utaiharibu dawa, kikung'ute nje. Kuanika godoro juani kunawapunguza, lakini kinyesi cha waliokufa bado kinadhuru, kwa hiyo likikung'utwa mtoto asiwepo. Ukishatandika, asiingie chumbani kwa nusu saa, vumbi litue.

Pampu apulizie kwenye spesa, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama huna, chupa ya maji ya nusu lita inatosha: toboa kitako kiasi cha mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa gundi, ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke bila kuifuta, la sivyo dawa inanata kwenye plastiki. Tikisa pampu, puliza mara moja, avute pumzi tano au sita mdomoni mwa chupa, ndipo upulize tena. Baada ya steroidi asukutue na kutema.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikiwa ya bluu, usinipigie mimi. Mpe salbutamoli, na mko njiani kwenda hospitali.

Mama yako