Klabu inapohamia uwanja wa mwenzake: tuwasikilize mashabiki wa Charlton

Ndugu Mhariri,

Kila Uwanja wa Benjamin Mkapa unapofungwa kupisha ukarabati, mjadala wetu huwa ule ule: Simba na Yanga waende Chamazi kwa Azam au Mwenge kwa KMC, na lini watajenga wa kwao. Hakuna anayeuliza klabu iishi vipi kwenye uwanja wa mwenzake bila kupoteza watu wake, wala itoke vipi. Ipo klabu iliyopita njia hiyo mwanzo hadi mwisho, na mashabiki wake wanaikumbuka hatua kwa hatua. Ni Charlton Athletic ya kusini mashariki mwa London.

Uwanja wao, The Valley, waliuacha Septemba 1985. Mei mwaka huo moto ulikuwa umeua watu 56 kwenye uwanja wa Bradford, na ukaguzi wa usalama ukakazwa nchi nzima. Jukwaa la mashariki la The Valley, lile kubwa la kusimama, likafungwa. Ardhi ya nyuma ya jukwaa la magharibi nayo ilikuwa mikononi mwa mmiliki wa zamani, akaitaka. Klabu yenyewe ilikuwa imenusurika kufilisika mwaka mmoja tu kabla, kwa hiyo haikuwa na ubavu wa kupambana. Mashabiki walipata habari kwa karatasi walizogawiwa Septemba 7, siku ya mechi dhidi ya Crystal Palace, klabu ile ile ambayo ndiyo ingekuwa mwenye nyumba wao. Wiki mbili baadaye waliifunga Stoke City 2-0, wakaondoka kwenda Selhurst Park, uwanja wa Palace.

Kwenye ramani ni London hiyo hiyo, kusini mwa mto Thames. Kwa shabiki mambo yalikuwa tofauti. Mtu aliyezoea kutoka nyumbani kwa miguu sasa alipanda treni mpaka London Bridge, akabadilisha kwenda Norwood Junction, kisha akatembea. Mechi za katikati ya wiki ndizo zilizokata watu: wazee na wenye watoto waliacha kwanza. Hapa kwetu hesabu ni ile ile. Mechi ikianza saa moja usiku Chamazi huisha kama saa tatu, na shabiki wa Kimara au Bunju bado ana safari ya magari mawili au matatu. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000, Azam Complex ya Chamazi kama 10,000. Sehemu kubwa ya waliokosa nafasi hubaki kwenye runinga, na wengine huzoea huko.

Jambo ambalo mashabiki wa Charlton hawalisahau ni kuwa "wenyeji" wa Palace ndani ya uwanja wa Palace. Ratiba inasema uko nyumbani, lakini kila kitu pale ni cha mwenzako, hata rangi za viti na majina ya milangoni. Yanga waliionja hali hiyo Novemba 2024, walipoikaribisha Azam pale Chamazi, nyumbani kwa Azam wenyewe, wakafungwa 1-0. Sisemi uwanja ndio uliowafunga. Ninasema faida ya nyumbani walikuwa wameshaiacha mlangoni kabla mpira haujaanza.

Halafu kuna nyasi na ratiba. Ligi ya akina Charlton mwaka ule ilikuwa na timu 22, yaani mechi 21 za nyumbani kwa kila klabu. Mbili kwenye uwanja mmoja zinafanya 42, bila vikombe. Nyasi za asili huchoka kwanza kwenye maeneo ya magoli na njia anayokimbilia mshika kibendera, na wakati wa baridi hazioti upya. Ligi yetu ina timu 16, mechi 15 za nyumbani. Wenyeji watatu kwenye uwanja mmoja ni mechi 45 za ligi, na mechi za Afrika bado. Hizo zinakula siku mbili, kwa sababu mgeni ana haki ya kufanya mazoezi uwanjani siku moja kabla. Mvua za masika zikiangukia hapo, anayesogezwa ni mpangaji, maana mwenye nyumba hupanga siku zake kwanza.

Kurudi kwao ndiko kwenye somo. Klabu ilipotangaza mwaka 1989 kwamba inarudi, The Valley palikuwa pori. Aprili 2 mashabiki kwa maelfu walifika na makoleo na mifagio, wakang'oa magugu na vichaka vilivyoota majukwaani, wakakusanya takataka na kuzichoma pale pale kiwanjani. Ilionekana kazi imekwisha, kumbe ya kibali ndiyo kwanza inaanza. Januari 1990 halmashauri ya Greenwich ilikataa michoro ya uwanja mpya. Mashabiki hawakuishia kulalamika. Waliunda chama cha siasa, wakakiita Valley Party, wakasimamisha wagombea katika nafasi 60 kati ya 62 za udiwani Mei mwaka huo. Hawakupata hata kiti kimoja, lakini walipata kura 14,838, karibu asilimia 11, na mwenyekiti wa kamati ya mipango miji akaangushwa. Mwaka uliofuata kibali kilitoka.

Pesa nayo ilitoka mifukoni mwao. Ulianzishwa mpango wa uwekezaji wa mashabiki uliokusanya zaidi ya pauni milioni moja, na aliyechangia alipata punguzo la tiketi za msimu pamoja na kura ya kumchagua mkurugenzi kutoka miongoni mwa mashabiki. Msimu wa 1991/92 walikuwa wapangaji tena, safari hii kwa West Ham. Desemba 5, 1992 wakacheza nyumbani dhidi ya Portsmouth, mbele ya watu 8,337, huku jukwaa la magharibi likiwa la muda. Colin Walsh alifunga dakika ya saba, ikaisha 1-0. Hawakusubiri uwanja ukamilike ndipo warudi, na naona walifanya sawa kabisa.

Anayedhani shabiki atafuata popote aitazame Coventry City. Mwaka 2013 waligombana na wamiliki wa uwanja wao kuhusu kodi, wakaenda kucheza Northampton, zaidi ya kilomita 50. Baadhi ya mashabiki walisafiri mpaka kule lakini wakakataa kulipa kiingilio, wakatazama mechi kutoka kwenye kilima nje ya uwanja. Waliporudi Coventry Septemba 2014, waliingia 27,306.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba viongozi wa Simba na Yanga, kabla ya kuhamia uwanja wowote, wawaeleze wanachama yaliyomo kwenye mkataba. Mapato ya viingilio yanagawanywa vipi, na ya maegesho, vinywaji na mabango je? Umeme wa taa, usafi na ulinzi analipa nani? Mwenye uwanja anaruhusiwa kubadilisha tarehe kwa taarifa ya siku ngapi? Mwenye tiketi ya msimu atapewa jukwaa gani? Wakubaliane pia na wenye mabasi yawasubiri mashabiki baada ya mechi za usiku, angalau ya kuelekea Mbezi, Tegeta na Gongo la Mboto. Na kwa uwanja wa kwao, waanze na hati ya ardhi na kibali cha ujenzi, ndipo waje kwenye matawi kuomba michango, wakiwa na nafasi moja ya mjumbe wa bodi atakayechaguliwa na waliochanga.

Mpenzi wa soka,
Temeke, Dar es Salaam