Risala ya akina mama wachokoaji pweza kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufungua mwamba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi), wazee wetu na wavuvi wenzetu, asalaam alaykum.

Umetukuta miguu bado ina chumvi. Tangu alfajiri, maji yalipokupwa, tulikuwa kwenye mwamba ambao kijiji kiliufunga miezi mitatu, asichokoe mtu pweza. Pweza wa kwanza tumekuletea umwone. Mlangoni mwa shimo lake palijaa magamba ya kaa na makome aliyokula. Kwa hayo mchokoaji hujua mwenye shimo yumo. Tumempima kwa mizani ya kuazima dukani: kilo 3 na robo. Miaka ya nyuma tulitoa hata wa robo kilo, na sheria inakataza pweza asiyefika gramu 500.

Kufunga mwamba kulianza kwa wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Kunafaa kwa sababu pweza haishi sana, mwaka mmoja hivi au na nusu, ila hukua upesi mno: akiwa mdogo, mwezi mmoja au miwili humtosha kuongeza uzito maradufu. Jike hutaga mara moja tu. Hulinda mayai shimoni bila kula, yakianguliwa naye hufa. Ukimchokoa kabla ya hapo, umeondoka na kizazi kizima.

Mheshimiwa, wengi wa pweza hawa hugandishwa viwandani wakapelekwa Ureno, Italia na Hispania. Huko huuzwa kwa madaraja ya ukubwa. Hapa dikoni, tunaposhushia pweza, tunalipwa bei moja, mkubwa kwa mdogo, na mizani ni ya mnunuzi. Ufunguzi uliopita gari la barafu lilichelewa. Tulikaa na ndoo zetu hadi Isha, pweza wakaanza kulegea, na gari lilipofika bei ikakatwa nusu. Mwenzetu mmoja alilia palepale, kwa sababu ada ya mwanawe ilikuwa ndani ya ile ndoo.

Tunaomba mizani ya kikundi iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, jokofu la umeme wa jua, na wanunuzi wasaini bei za madaraja kabla mwamba haujafunguliwa. Mizani ndiyo ya kwanza. Hivyo vingine hata tukivisubiri kidogo, tutavumilia.

Pweza huyu ni zawadi yako, Mheshimiwa, kutoka kwa akina mama wote walioamkia mwambani leo.

Tunaomba kuwasilisha.