Mama, garbage ilikuwa mboga

Chicago, Jumapili usiku

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi huku mzima, hofu na mashaka ni juu yenu hapo Mikindani. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, na mara mbili kati ya hizo ni kwa ajili ya huyo jogoo anayewika nyuma yako.

Kwanza kesi ya Hemedi, maana naona imeigawa nyumba. Kaandika "garbage", mwalimu kamkata alama, anasema takataka ni "rubbish". Mwambie mjukuu wako hajakosea, na mwalimu naye hajakosea. "Rubbish" ni ya Waingereza, na hao ndio waliotutawala hadi 1961, ndiyo maana imebaki vitabuni kwetu. Wamarekani husema "garbage" au "trash". Kwenye mtihani ampe mwalimu anachokitaka, ubishi auweke wa barazani. Hata dasibini mnayoisema hapo ni ya Waingereza hao hao: ni pipa la vumbi, na vumbi lenyewe lilikuwa majivu ya makaa ya mawe waliyokuwa wakiota moto majumbani. Huku ukitaja dasibini watu wanakutazama tu.

Mimi mwenyewe neno hili limeshanitia aibu, sikukusimulia. Wiki ya kwanza pale jikoni nilikuwa nimebeba mfuko mweusi, umejaa maganda ya viazi na makombo ya wateja, unachuruzika mpaka kwenye kiatu. Nikamuuliza mpishi mkuu, "gabeji" naweka wapi? Nililitamka kwetu kwetu, mkazo kwenye "be". Hata hakugeuka, akanyoosha kidole kwenye chumba cha baridi. Nikaingia. Nikakuta maboksi ya kabichi yamepangwa mpaka juu! Mzee wa watu alisikia "cabbage". Basi nimesimama na mfuko wangu mbele ya kabichi za watu, sijui nicheke au nikimbie, maji machafu yanadondoka sakafuni. Kumbe wenyewe wanalibana mwanzoni, GA-bij, mwisho wanaumeza. Hemedi ajizoeze kuumeza. Na asiliongezee "s" hata taka zikijaa lori zima, neno hili halihesabiki, kama maji.

Watu waangalifu wanatofautisha: "garbage" ni taka mbichi za jikoni, "trash" ni kavu, makaratasi na makopo. Wengi siku hizi wanachanganya tu. Kwako wewe hilo si la kufundishwa, maganda ya muhogo yanakwenda kwa mbuzi, makaratasi yanangoja kiberiti kwenye shimo nyuma ya mwembe.

Halafu lina safari zake nje ya pipa. Filamu mbovu ni "garbage", maneno ya upuuzi ni "garbage". Mtu hasemwi hivyo, labda kama unataka ngumi, sawa na kwetu ukimwambia mtu "takataka wewe". Watu wa kompyuta nao wana msemo wao kwamba ukiingiza takataka, zitatoka takataka. Nilipousikia nilimkumbuka marehemu baba na korosho zake, alivyokuwa akizigeuza juani na kuzitikisa sikioni kabla hajakubali zipelekwe ghalani. Alisema korosho haikaukii njiani.

Sasa mama kaa vizuri, hapa ndipo nilipotaka kufika. Neno "garbage" lilipoingia kwenye Kiingereza halikuwa na maana ya takataka. Lilikuwa ni vitu vya kuku: kichwa, miguu, maini, firigisi. Na vilipikwa! Kuna mapishi yaliyoandikwa Uingereza katika karne ya 15, jina la chakula ni hilo hilo. Wanakwambia chukua garbage nzuri za kuku, zioshe zitakate, zitie chunguni na supu ya ng'ombe au ya kondoo. Kisha pilipili manga, mdalasini, karafuu, tangawizi, zafarani. Mama, hayo si viungo vyako vya pilau? Ila wao waliloweka mkate ndani ya supu iwe nzito, hapo sijui ungesemaje. Baadaye ndipo neno likaanza kushuka, likawa la matumbo yasiyotakiwa, mwisho likaishia kwenye kila kinachotupwa.

Nilipolijua hilo nilikumbuka kile kibakuli cha bluu. Firigisi ilikuwa ya baba, hata achelewe vipi inamngoja imefunikwa, na sisi tunagombania miguu. Huku ukinunua kuku mzima dukani unakuta tumboni mwake kuna kifuko, ndani mna shingo, maini na firigisi. Ninayeishi naye, kijana wa hapa hapa, kila akinunua kuku anakichomoa kwa ncha za vidole kama kimemng'ata, moja kwa moja kwenye pipa. Ijumaa nilikidaka kikiwa hewani. Akaniambia, "Hiyo ni garbage." Nikamwambia ndiyo, najua, hata babu zako walijua. Nikaikaanga na vitunguu, nikatia nazi ya kopo (usinune, mnazi huku hakuna) na pilipili kidogo. Alizunguka jikoni kama paka wa sokoni. Mwishowe akaomba aonje ini. Shingo akaimaliza yeye. Firigisi sikumpa.

Hela ya dawa nimeituma kwa simu ya dada Somoe, akupe yote. Msalimie bibi, mwambie ile mizizi ya kula, ming'oko, naiota usiku. Na huyo jogoo, mkimchinja Idi, firigisi apewe Hemedi. Hizo ndizo alama zake alizokatwa.

Mwanao,
Mfaume