Bahati ya karata si kusi wala kaskazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyoichapisha juma lililopita, ile ya kuwafunza vijana mchezo wa poka. Kanuni zimeelezwa vizuri: karata mbili za mkononi, tano za mezani, na dau linavyopanda. Nilikuwa naafiki kila mstari mpaka nilipofika pale mwandishi aliposema bahati ina majira kama kusi na kaskazi. Eti mchezaji mgeni akiona upepo unamvumia apandishe dau, na ukimgeuka avumilie, zamu yake iko njiani. Hapo nikaliweka gazeti chini.

Mimi ni baharia, oila wa chumba cha mashine. Kaskazi naijua. Ina miezi yake, na mvuvi yeyote wa hapa Tanga atakwambia inaingia lini na inatoka lini bila kutazama kalenda. Karata hazina mwezi. Zikishachangwa, hazikumbuki jana nani alikula na nani aliliwa.

Poka nilijifunzia melini, tukipakia makaa ya mawe Richards Bay, Afrika Kusini, na kuyateremsha bandari za India. Hapa Ngamiani nilikuwa natamba kwa mchezo wa karata wa arobastini, kwa hiyo sikujihesabu mgeni wa karata. Mezani tulikuwa sita: Wafilipino wanne, Mhindi mmoja na mimi. Kete zetu zilikuwa washa na nati za stoo ya mashine. Nahodha alijua, akafumba macho kwa sharti moja tu, kwamba mtu asipoteze zaidi ya dola 20 kwa usiku.

Usiku 11 wa mwanzo nilikula dola 310. Nilikaa kiti kilekile, mgongo kwenye friji, na fulana ileile ya Coastal Union, mpaka mwenzangu wa kabini akalalamikia harufu. Kila nikitoka mezani nilimrekodia mdogo wangu sauti kwenye simu, nikimsimulia nilivyowafunga wenzangu, halafu tukipata mtandao nazituma zote kwa mpigo. Nikamwahidi mama mabati ya jiko. Sikumwambia fedha zinatoka wapi, maana kwake kamari ni haramu, na mimi sina hoja ya kumpinga.

Usiku 14 uliofuata nilishinda mara mbili tu, jumla dola 25. Mara 12 niliacha zote 20. Juu ya hapo nilikopa dola 100 kwa mpishi, kwa siri, nje ya sharti la nahodha, nazo zikaliwa. Anayejua kutoa na kujumlisha ataona kuwa safari nzima nilipoteza dola 5. Lakini kifuani nilikuwa nimeibiwa 310, na mabati yameezuliwa juu ya kichwa cha mama kabla hata hayajanunuliwa.

Usiku ule wa mkopo nilishika ree mbili, zile karata za A, jozi kubwa kupita zote. Hiyo huja mara 1 katika migao 221, na sisi tulikuwa tunagawa kama mara 75 kwa usiku, basi ilikuwa ni ya kungoja siku tatu hivi. Mwenzangu alishika wafalme wawili. Tukaweka zote katikati. Karata ya mwisho mezani, mfalme wa kopa! Siku chache baadaye yakanikuta yaleyale, ree mbili kwa wafalme wawili, nikavunjwa tena. Nikaanza kumtazama mgawaji mikono. Nikabadili kiti. Fulana nikaitupa kwenye pipa la matambara ya mafuta, na mpaka leo naijutia.

Kumbe hesabu yake ni nyepesi. Ree mbili huwashinda wafalme wawili karibu mara 82 katika 100. Maana yake karibu mara 18 hufungwa. Kufungwa mara mbili mfululizo hutokea kama mara 1 katika 30. Si uchawi huo. Lakini nani angenieleza saa ile nikamsikia?

Aliyenieleza ni injinia wa pili, yule Mhindi, baada ya mimi kusahau kuandika kipimo cha mafuta kwenye daftari la zamu ya alfajiri. Alijua nimekesha mezani. Hakunifokea. Aliniuliza kama nina sarafu, nikatoa shilingi mia mbili niliyokuwa nayo kama kumbukumbu ya nyumbani. Akaniambia niirushe mara 100 na kuandika kila inavyoanguka, Karume au simba. Nilimaliza mikono imechoka, na katikati ya karatasi kulikuwa na simba saba waliofuatana. Karibu kila atakayerusha mara 100 atapata upande mmoja ukirudi mara 5 au zaidi kwa mpigo. Sarafu haina hasira, haina majira, na bado inatoa mifululizo. Akaniuliza: simba wa nane, ungemwekea dau kubwa au dogo? Sikujibu.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Nilirudia kuzisikiliza zile sauti nilizomtumia mdogo wangu. Mhariri, ni aibu. Mara tisa katika zile siku za neema nilifuata dau kubwa nikiwa na karata nne za aina moja, mathalani shupaza tupu, natafuta ya tano, na mezani zimebaki mbili kufunguliwa. Kwa hesabu hiyo huja kama mara 35 katika 100, kwa hiyo katika tisa nilistahili tatu hivi. Mimi nilipata sita. Na hapo ni zile nilizozisimulia tu, kwa sababu mtu akijisifu huwa hataji za kukosa. Sauti yangu mwenyewe inasema, "Nilijua tu shupaza inakuja." Nilijua nini? Kwenye usiku ule 14 wa kuliwa, ukitoa mkopo na hasira, nilikuwa nacheza afadhali. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili na zote katikati, hata leo nitaziweka.

Ndiyo maana naona makala yenu inamharibu mgeni pale pale panapomfurahisha. Akiliwa, angalau atajiuliza kakosea wapi. Akila mfululizo hajiulizi kitu. Anaambiwa na gazeti kwamba upepo ni wake, apandishe dau. Na huyu anayengoja zamu yake baada ya kuliwa sana, asimuliwe ya kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, ambapo gurudumu la ruleti lilitoa nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walimwaga fedha kwenye nyekundu kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika. Vijana wa mikeka ya kubashiri mechi huku mtaani wana lugha hiyohiyo: mkeka umechanika mara kumi, wa kumi na moja lazima utiki.

Tangu hapo naandika daftari. Siandiki kwanza nimekula au nimeliwa. Naandika nilishika nini, nilidhani mwenzangu ana nini, na kama kufuata dau kulikuwa sahihi kabla karata hazijafunguliwa. Matokeo yanakaa pembeni, kwa penseli. Dola 20 zikiisha naondoka mezani kwenda kuosha vikombe. Nikiwa na zamu ya alfajiri sikai kabisa. Dola ninazokula zinaingia kwenye kopo la maziwa na halifunguliwi mpaka mkataba uishe. Mabati ya mama niliyanunua kwa mshahara.

Daftari lina usiku 61 sasa, na faida ni dola 38. Mdogo wangu anasema nimekuwa mtaalamu. Mimi kwa usiku 61 siwezi kusema hilo, labda 610.

Napanda meli mwezi ujao. Mwandishi wenu akitaka kuandika tena kabla sijaondoka, daftari namwazima. Kurasa za mwanzo zimelowa mafuta ya mashine lakini zinasomeka.

Baharia,
Ngamiani, Tanga