Chuo kinanifunza kuimba, lakini taarab inanitoka

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, mzaliwa wa Unguja, na niko mwaka wa pili wa stashahada ya uimbaji katika chuo kimoja huku bara. Nimekulia kwenye taarab. Mama yangu ni mwitikiaji, na tangu nina miaka 9 nilikuwa nakaa nyuma ya mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, nikiitikia na mama. Nataka niishi kwa kuimba, sina ndoto nyingine.

Chuo kimenifaa, sitaki kukidhulumu. Zamani nikiimba harusi mbili mfululizo, asubuhi sauti haitoki. Sasa najua kuvuta pumzi ya tumboni na kupasha sauti kabla ya kuimba, na mwaka mzima sijakaukwa.

Kinachoniliza ni sikio langu. Mazoezi yote tunafanya na piano. Katika maqamu ya Rasti, yaani mmoja wa mipangilio ya noti tunayoimbia taarab, noti ya tatu haimo kwenye piano kabisa. Inakaa katikati ya vibao viwili, nasi tunaijua kwa kusikia wakubwa wakiimba. Nilipoiimba hivyo kwenye mtihani, mwalimu aliandika "noti iko chini", akanikata alama. Basi nikajirekebisha. Niliporudi nyumbani Shaaban, msimu wa harusi, mpiga fidla mzee alisimamisha mazoezi akaniuliza, "Mwanangu, ile noti umeiacha wapi?" Nilijaribu mara tatu, ikakataa. Usiku ule sikulala.

Mama anataka niache. Anasema Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, alipita chuo gani? Nikamwambia hata Siti alifundishwa, alipotoka kijijini Fumba kuja mjini na vyungu vyake vya kuuza. Akanijibu, "Alifundishwa na watu wa udi, si wa piano." Hapo nilinyamaza. Baba mdogo, ambaye ndiye anayelipa ada, anasema cheti kwanza, na ada ya mwaka wa mwisho inatakiwa mwisho wa mwezi huu.

Mwalimu wangu si mtu mbaya. Ni mama mtu mzima, ananipenda, na hunibakisha baada ya kipindi bila kudai chochote. Ila taarab hajaizoea, na mimi naona haya kumwambia kwamba alichokiita kosa si kosa. Naogopa ataona ni jeuri. Onyesho la kuhitimu ni nyimbo nne, zote kwa piano, mbili za Kiitaliano.

Shangazi, nimwendee kwa maneno gani? Naweza kumwomba wimbo mmoja kati ya hizo nne niuimbe kwa udi? Na akikataa, nimalize huo mwaka uliobaki au nirudi kwa wazee wangu wangali hai? Kama kuna msomaji aliyesomea uimbaji naye katoka kwenye taarab, naomba aniambie: sikio moja linabeba yote mawili, au ile noti haitarudi tena?

Mtoto wa Mwitikiaji