YAH: Faili langu la kurasa 214 na majibu ya mhudumu wenu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Salaam. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tovuti yenu ina ukurasa wa Kiswahili, na juu yake mmeandika kwa herufi nene: “Weka namba za kurasa bure.”

Alhamisi nilipakia PDF ya kurasa 214, zabuni ya mteja wangu. Masharti yalitaka kila ukurasa uwe na namba. Nikachagua chini kulia, nikaruka jalada, nikaanzia 1. Kazi ikaenda hadi mwisho. Nilipobonyeza “Pakua” ndipo mkadai dola 9 kwa kadi. Ilikuwa saa tisa na nusu, mteja kasimama nyuma ya kiti changu, na sanduku la zabuni linafungwa saa kumi na moja.

Nililipa. Faili likashuka na namba juu ya mihuri ya wakili, na zile kurasa zilizoskaniwa kwa ubavu namba zake zimelala pembeni kama zimeanguka. Nikamwuliza mhudumu wenu kwenye gumzo. Akajibu: “Watumiaji wa bure hawana haki ya msaada.” Nikamtumia risiti. Akafunga gumzo.

Sikuwa mgeni kwenu. Wiki iliyotangulia niliwawekea wanafunzi wawili namba kwenye tasnifu zao, zikatoka safi, ndiyo maana niliwaamini na kazi ya mtu mzima.

Naomba mnielewe vizuri kuhusu gumzo lile. Risiti ilikuwa pale pale, chini ya jibu lake, dola 9 na saa yake. Mteja wangu, mzee anayelingana na baba yangu, aliinama akasoma kwenye kioo: “Watumiaji wa bure hawana haki.” Akaniuliza polepole, “Mwanangu, kumbe hukulipa?” Miaka 11 nina duka la uchapaji hapa Wandegeya, sijawahi kuulizwa swali hilo. Nilipotaka kumwonyesha risiti, dirisha la gumzo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Tukachapa zote, tukaandika namba kwa kalamu, mimi na binti yangu. Bodaboda ikafika saa kumi na moja na dakika saba. Hawakuipokea.

Nilikusudia kudai dola 9 tu. Lakini kadiri ninavyoandika naona hazitoshi. Nataka pia gharama ya karatasi, wino na bodaboda, na barua ya kuomba radhi, si kwangu, kwa yule mzee, itaje wazi kwamba nililipa. Na kuna jambo zito zaidi: ndani ya faili lile mna nakala za vitambulisho vya taifa na taarifa za benki za watu wanne. Nithibitishieni kwa maandishi kwamba mmelifuta.

Nawapa siku saba. Msijifiche nyuma ya kuwa mko nje ya Uganda: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamgusa hata aliye nje akishika data za raia wa Uganda. Siku ya nane malalamiko yangu yatakuwa mezani kwa ofisi inayosimamia sheria hiyo, pamoja na risiti na picha ya gumzo lenu, ambayo binti yangu aliipiga kwa simu kabla halijafungwa.

Wenu,
Mwenye duka la uchapaji,
Wandegeya, Kampala